Futi Nne na Inchi Saba

Kuna futi mbili hapa Nebraska,
na zote ni halali, au zilikuwa,
inategemea mwaka ulioandikwa kwenye ramani yako.
Zilaze bega kwa bega mezani,
hutazitofautisha hata kwa lenzi ya sonara:
moja inaizidi nyingine
kwa sehemu mbili katika milioni,
unene wa kitu kisicho na unene.

Lakini hatupimi futi moja sisi.
Tunahesabu kutoka sifuri iliyo mbali,
sifuri iliyopachikwa kisheria
huko kwenye milima ya Kolorado, nje ya jimbo,
pasipo jiwe wala kibao,
ili mashamba yetu yote yaangukie upande wa kujumlisha
na karani asije akasahau alama ya kutoa.
Toka huko hadi kwa Marlys Vondra
ni futi milioni mbili na laki tatu.
Ukifika hapo, ule unene usio na unene
umekwisha kuwa mtu mzima, ana futi nne na inchi saba,
na anaweza kwenda mahakamani.

Ilikuwa Aprili, mara yangu ya kwanza kutumwa peke yangu.
Tope la kuvua buti, mbegu za mahindi bado magunia.
Chombo kiliongea na setilaiti kumi na nne
na zote zilikubaliana.
Nikapigilia kigingi, nikafunga utepe wa waridi.
Kilisimama katikati ya kaburi la mbwa.

Marlys alitoka amevaa koti la marehemu mumewe.
Hakupaza sauti. Aliuliza tu,
"Tangu lini Bruno amezikwa kwa Kolterman?"
Na Duane Kolterman, jirani wa mashariki,
aliyemwazima trekta miaka thelathini
bila kuuliza dizeli,
akatazama kigingi, akatazama uzio,
akaufuata uzio kwa macho hadi barabarani,
nikaona midomo yake ikianza kuhesabu.

Robo ya ekari na ushei.
Mahindi yake hayanunui tairi moja la trekta.

Nilimpigia Blaha, mkuu wangu.
Hakuuliza habari za setilaiti.
"Ramani ya mwaka gani?"
Tisini na sita.
"Basi ni futi ya kale. Chombo chako umekiwekea ipi?"
Nikanyamaza, naye akapokea jibu.
"Chukua koleo," akasema. "Rudi hatua mbili mashariki, uchimbe.
Ukikuta chuma, sheria haina haja na namba zako."

Ni kweli, nilikariri kwa ajili ya mtihani
na sikuwahi kuamini:
alama ya asili ikikutwa mahali pake, hiyo ndiyo mpaka.
Umbali unaifuata alama.
Viwianishi huja mwisho, vikibisha hodi.

Nilichimba hadi kiwiko.
Koleo likalia.
Bomba la inchi moja, limekula kutu,
kifuniko cha shaba kichwani, na juu yake namba ya leseni
ya mpima aliyekufa kabla sijazaliwa.
Marlys alipiga magoti akakigusa kifuniko.
Duane alicheka, akasema alijua tu, alijua tangu mwanzo.
Marlys hakucheka.

Nikang'oa kigingi changu. Nikabadilisha futi
kwa kubofya mara moja.
Wanasema huko Lincoln watapitisha sheria mpya,
futi moja tu kwa wote, ya pili izikwe,
na kila ramani itaje kwa maandishi
imepimwa kwa futi gani, kutoka sifuri ipi.
Vizuri. Nitaifuata kwa herufi.

Oktoba nilipita kuchukua malipo.
Uani kwa Marlys palikuwa na trekta dogo, kuukuu,
karatasi ya mnada bado imebandikwa kwenye boneti.
Sikuuliza.
Nilimwandikia risiti,
naye akaisoma mara mbili, tarakimu kwa tarakimu,
kabla ya kuniruhusu niondoke.